Mto wa Tarehe Ishirini na Nne Novemba

Mume wangu hajui mtoto wake alizaliwa tarehe gani. Ukimwuliza Yvonne alizaliwa lini, atakuambia, "Wakati wa mbaazi." Ukimwuliza hii nyumba tuliingia mwaka gani, ataanza kukuna kichwa. Lakini mtajie tarehe ishirini na nne Novemba, uone. Aiya! Nthiwa atakaa wima, atakunja mikono kifuani, na atakusomea hali ya hewa ya siku hiyo mwaka baada ya mwaka, mpaka ujute kuuliza.

"Tisini na saba, El Niño. Elfu mbili na mbili, upepo, ukang'oa paa la kanisa. Elfu mbili na sita, mafuriko. Elfu mbili na kumi na moja, mvua ya mawe. Elfu mbili na kumi na tisa..."

"Nyamaza," huwa namwambia. "Nyamaza, Baba Yvonne, nisije nikakumwagia hii chai."

Hiyo tarehe ndiyo siku niliyotoka kwetu. Kwetu ni Migwani, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto wa mchanga ambao mpaka leo hauna daraja. Kwa Nthiwa ni huku Kalamba, Makueni. Nilikuwa msichana mwenye kichwa ngumu. Nilitumwa sokoni kununua mbegu za kunde, nikapitiliza, na nilipoonekana tena nilikuwa mke wa mtu Kalamba. Kunde zenyewe tulizipanda huku. Zilizaa vizuri sana, na sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Baba yangu, Mzee Mulei, hakupiga kelele. Wazee wa kina Nthiwa walipoenda kumtuliza aliwakaribisha, akawapa uji, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku mliyomchukua mtoto wangu ndiyo siku mtakayoniletea ntheo. Tarehe ishirini na nne Novemba. Mkija siku nyingine, sitapokea."

Na hao wazee wakasema sawa! Wanaume wazima, wakulima, waliozaliwa na kuzeekea Ukambani, wanakubali kuvuka mto usio na daraja mwezi wa Novemba, mvua ikiwa katikati! Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuuliza kama ingewezekana Agosti. Walikuwa na furaha kwamba hawakupigwa. Walirudi Kalamba wakisifu uji. Hilo jambo likiniingia kichwani hata leo, nikiwa napalilia, lazima nisimame kwanza nipumue.

Labda wewe si wa huku, kwa hivyo wacha nikuambie. Ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, mmoja wao dume wa kuchinjwa hapo hapo. Mambo mengine ya mahari yanaweza kungoja mpaka wajukuu wazeeke, lakini ntheo haingoji. Bila ntheo, zaa watoto, lima, jenga, uzike wakwe zako kwa mikono yako, kwa Wakamba wewe bado ni msichana wa kwa baba yako uliyeenda kutembea ukakawia. Mimi nimekawia mpaka nywele zimeota mvi. Kwenye sherehe za ukoo wenzangu wanagawa nyama, mimi napewa sufuria za kuosha. Nikifa leo, watu wa Kalamba na watu wa Migwani watakaa chini kubishana mwili ni wa nani, na mimi nipo hapo nimelala siwezi hata kuwatukana.

Kwa hivyo usiniambie ni mbuzi tu.

Mwaka wa El Niño ulikuwa wa kweli, sibishi. Tulifika ukingoni, tukaona maji yamebeba ng'ombe wa watu, tukageuza. Nililia njia yote. Desemba, maji yalipopungua, nikaenda kwetu peke yangu kumwomba baba msamaha. Mama alikuwa amefariki mwaka huo huo, ndugu yangu alikuwa hajaoa, na nyumba ilikuwa chafu vibaya. Nikafua mablanketi, nikapika, nikaziba ghala, nikakaa mpaka shule zikafunguliwa. Baba akasema, "Si neno, Mutindi. Ni hali ya hewa."

Basi ikawa hivyo. Novemba tunajiandaa, mbuzi wanafungwa kamba, na asubuhi ya siku yenyewe Nthiwa anaingia jikoni na ile sura yake ya mtu aliyekanyaga mwiba. "Mama Yvonne, nimeambiwa mto umejaa." Kesho yake mbuzi wanafunguliwa. Desemba mimi nashika njia kwenda Migwani kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima wa wanaume wasioweza kuvuka mto. Kuna mwaka tulikosa kwa sababu ukame ulimaliza mbuzi. Mwaka wa corona nao aliuingiza kwenye orodha. Nikamwambia, "Corona si hali ya hewa." Akasema, "Ilikuwa hewani." Mungu ananiona vile sikumpiga.

Lakini mwaka wa mvua ya mawe ndio ulinifungua macho. Aliingia jikoni: nimeambiwa kuna mvua ya mawe huko, mto umejaa. Nikamwuliza, "Umeambiwa na nani?" Akasema, "Na watu wa huko." Watu wa huko! Nikachukua simu nikampigia Mwongeli, mke wa ndugu yangu, anayeishi boma moja na baba. Nikamwuliza mvua ya mawe imeharibu nini. Mwongeli akacheka. "Mawe gani, Mutindi? Mimi hapa nimeanika mtama."

Nilimwita Nthiwa mwongo siku hiyo, mbele ya watoto. Nikamwita mwoga. Nikamwambia hajawahi kunitaka, alitaka mtu wa kumlimia. Unajua alijibu nini? Aliangalia viatu vyake akasema, "Pengine ilinyesha ikaisha." Basi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mtu asiyejitetea anaudhi kuliko mwizi. Nikahamia chumba cha watoto mpaka Krismasi, na nilipofika Migwani nilimmwagia baba yote. Nilimsema Nthiwa mpaka sauti ikakauka. Baba alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe.

"Usimseme sana," akasema. "Mvua ni ya Mungu."

Nikaona baba yangu ana roho nzuri ajabu.

Kuanzia hapo kila mwaka Nthiwa akianza habari za mto, mimi nilikuwa namwangalia tu. Simu sikupiga tena. Ya nini? Nilishajua ninaishi na mtu wa aina gani. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini mtu mwoga hivyo kila Novemba anatafuta mbuzi wazuri, anawaogesha, anakosa usingizi. Unawaogesha mbuzi ambao unajua hutawapeleka? Nilisema pengine ni wazimu wa kwao.

Sasa mwaka huu.

Mwaka huu mvua imekataa. Oktoba tulipanda kwenye vumbi kama kawaida yetu, tukangoja. Ikanyesha mara moja, ya kutudanganya, kunde zikachungulia, kisha jua likazichoma zote. Novemba hii hapa Kalamba hata majani ya mbaazi yamejikunja. Watu wanalia kanisani, na mimi nalia pamoja nao, lakini rohoni kuna kitu kidogo kibaya kilichokuwa kikisema: mwaka huu mto hautajaa. Mungu anisamehe.

Na mwaka huu haukuwa wa mchezo. Yvonne wetu, anayefanya kazi ya maabara mjini Wote, amepata mtu. Anaitwa Mbithi, wa Mwingi, kijana mpole anayeuza vipuri vya magari. Wazee wa kina Mbithi walituma ujumbe kwamba Desemba wanataka kuleta ntheo ya Yvonne. Nikapiga vigelegele. Nikaanza kufikiria kuku. Ndipo Mzee Ndolo, binamu mkubwa wa Nthiwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na hawezi kuona furaha bila kuikalia, akakohoa.

"Nthiwa hawezi kupokea mbuzi wa mtoto," akasema, "na mbuzi wa mama yake hawajaenda. Haijawahi kuonekana. Mkianza na huyu msichana, mnamfunga. Mnataka aje asumbuke kuzaa?"

"Kwani mimi nilisumbuka kuzaa?" nikamwuliza.

"Sisemi wewe. Nasema desturi."

Yvonne alikuwa amekaa mlangoni. Aliniangalia, akamwangalia baba yake, akaangalia nje kule shambani kulikokauka. "Mama," akasema, "kwani mimi nitazuiwa kuolewa na hali ya hewa?"

Akasema tena, polepole, kwamba ikifika Januari bila ntheo yeye atabeba mkoba wake aende Mwingi kwa Mbithi, kama nilivyofanya mimi. Kama nilivyofanya mimi! Hayo maneno yaliniingia kwenye mbavu. Mimi najua mtu anayeenda hivyo anangoja nini na anangoja mpaka lini. Nikamwambia, "Hutaenda hivyo. Siku ya ishirini na nne mimi nitavuka huo mto, hata kama ni kwa kuogelea."

"Hujui kuogelea," akasema Nthiwa. Ndiyo msaada niliopata kwa mume wangu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne jua lilitoka limeshakasirika. Nilivaa kitenge changu kipya. Mzee Ndolo alileta pikapu yake. Mbuzi walikuwa wameogeshwa wanang'aa. Nilikuwa namimina chai kwenye chupa niliposikia simu ya Nthiwa inalia, na nikamwona kwa dirisha akitoka nayo mbio kwenda nyuma ya ghala. Akasimama huko akiongea huku amevua kofia. Nikajiambia, wacha, usifikirie vibaya. Kisha akaingia jikoni.

Sura ile ile. Mwiba ule ule.

"Mama Yvonne," akasema, "nimeambiwa mto umejaa."

Niliweka birika chini polepole, kwa sababu ningeliweka haraka lingemfikia. Nikamshika mkono nikamtoa nje nikamwonyesha mbingu. Hakukuwa na wingu hata la kufutia pua.

"Umejaa nini, Nthiwa? Umejaa mchanga?"

"Nimeambiwa tu."

"Na watu wa huko."

"Na watu wa huko."

"Ingia kwa gari," nikamwambia. "Ingia kabla sijakufunga kamba pamoja na hao mbuzi."

Aliingia nyuma, akakaa na mbuzi. Mimi nikakaa mbele na Ndolo, na kutoka Kalamba mpaka Wote sikuacha kusema. Nilisema mambo ya miaka yote, mengine niliyokuwa nimeyasahau yakajileta yenyewe. Ndolo, mtu wa maneno, hakupata nafasi hata ya kukohoa. Tulivuka mto Athi, wenyewe ukiwa umejificha katikati ya mawe, nikageuka nikagonga kioo cha nyuma ili Nthiwa aone. Aliona. Alikuwa amemshika yule dume pembe, na vumbi limemfanya mweupe kichwa kizima. Kitui mjini tulisimama tukanywa chai, na Nthiwa hakunywa.

"Mutindi," akaniambia pembeni, na ni mara chache ananiita jina. "Tukirudi sasa, nitaenda mwenyewe kwa kina Mbithi niwaeleze. Nitajidharau mbele yao. Lakini turudi."

"Unaogopa nini?"

"Sitaki mtu aaibike."

"Mimi ndiye nimeaibika! Tangu nikiwa msichana! Wewe hujaona?"

"Nimeona," akasema, na akarudi kwa mbuzi wake.

Tulifika kwetu mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Barabara inateremka mpaka mtoni na kuishia hapo. Ndolo akazima gari, tukashuka wote, tukatazama.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, unaumiza macho. Katikati wanawake walikuwa wamechimba visima vya kuteka maji, mashimo marefu mpaka mtu anapotea ndani, na mitungi imepangwa kando inangoja. Punda wawili walikuwa wamelala pale pale ambapo ng'ombe wa watu walipita wakielea mwaka wa El Niño.

Na ng'ambo, juu ya kigoda, alikuwa amekaa baba yangu. Alikuwa amevaa gumbuti. Alikuwa amevaa koti la mvua lililofungwa mpaka shingoni. Mkononi alikuwa na mwavuli mkubwa mweusi, umefunguliwa. Alipotuona alisimama, akainua mkono kama askari wa barabarani.

"Simameni hapo hapo!" akapiga kelele. "Msivuke! Mto umejaa!"

Wanawake wakainua vichwa. Kwenye shimo moja akatokeza Mwongeli, mchanga mpaka kwenye nyusi, ameshika kibuyu cha kutekea. "Umejaa wapi, Baba?" akauliza. "Nionyesheni na mimi nijaze huu mtungi. Niko hapa tangu asubuhi."

Mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

Nikageuka nikamwangalia Nthiwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafungua na kufunga fundo la kamba ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Baba Yvonne," nikasema. "Asubuhi ni nani alikupigia simu?"

Akalifunga tena lile fundo.

"Ni nani amekuwa akikupigia?"

"Mwache, Mama Yvonne," akasema Ndolo.

"Simwachi. Wewe ulijua?"

Ndolo akaangalia magurudumu ya gari yake. Nthiwa akasema, kwa sauti ndogo, "Muthoni haambiwi amesema uongo."

Muthoni ni mkwe. Na kwetu mkwe humtaji jina, humkatizi neno, humwambii kwamba jua linawaka kama yeye amesema kunanyesha. Nthiwa ni mtu wa kushika hayo mambo sana. Akiwa kwa baba hali chakula mpaka ajifiche nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo. Sikujua desturi hiyo hiyo ndiyo ilimfunga mdomo nilipokuwa nikimwita mwongo mbele ya watoto wake.

"Miaka yote hiyo?" nikamwuliza.

"El Niño ilikuwa ya kweli," akasema. "Na upepo."

"Na mvua ya mawe?"

Akamwangalia yule dume, kana kwamba mbuzi angemsaidia kujibu.

Nilikasirika. Na shida ni kwamba hasira yote niliyokuwa nimebeba ilikuwa ya mtu huyu, nilikuwa nimemshonea yeye kwa kipimo chake, na sasa nilitakiwa kuivalisha mtu mwingine. Nikavua viatu. Nikaingia kwenye mto. Mchanga ulikuwa moto, nikawa naruka-ruka kama kichaa na kitenge changu kipya, huku baba ananipigia kelele nirudi, nitabebwa na maji. Nikapita punda. Nikapita shimo la Mwongeli. Nikapanda ukingo wa pili nikasimama mbele yake, na sisi wawili tukawa chini ya mwavuli mmoja.

"Vua hizo gumbuti, Baba."

"Zitanifaa mto ukija."

"Mto hauji."

"Novemba ni Novemba," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya lile koti mpaka linadondoka kwenye kidevu. Nilijua nakaribia kucheka, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Umenifanya nimtukane mume wangu miaka yote. Nimekuja hapa kila Desemba kukuomba msamaha. Nimepiga magoti kwenye hiyo nyumba yako. Na wewe unachonga mpini! Unaniambia mvua ni ya Mungu! Kwa nini, Baba? Nthiwa amekukosea nini ambacho hakiishi?"

"Hajanikosea. Ni kijana mzuri." Nthiwa, mtu wa mvi, kijana mzuri.

"Basi ni nini?"

Aliangalia ng'ambo, kwa Nthiwa na mbuzi waliosafishwa wakachafuka vumbi tena.

"Ile El Niño," akasema, "mama yako alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa nakula ugali mkavu. Halafu Desemba nikakuona unapanda huu ukingo, umebeba mzigo kichwani, unalia. Tangu uolewe ulikuwa hujakanyaga hapa, ila siku ya mazishi. Ulikaa mpaka shule zikafunguliwa."

"Nilikuja kwa sababu ntheo ilishindikana."

"Ndiyo nasema hivyo." Akanigeukia. Macho yake yamekuwa na utando siku hizi, lakini aliniona vizuri. "Wenzako ambao ntheo zao ziliisha, nawaona wazazi wao hapa. Mtoto anakuja kwa matanga tu. Sasa ntheo ikiisha, Mutindi, wewe utakuja kuniomba msamaha wa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Wanaonijua wanajua sijawahi kukosa maneno. Yote nilikuwa nimeyapanga kutoka Kalamba. Nikaona Desemba zote, mablanketi aliyokuwa anayatoa moja moja ili kazi isiishe, ghala ambalo kila mwaka lilikuwa na tundu jipya. Nikaanza kulia mbele ya wanawake wa kijiji kizima.

"Ungeniambia tu," nikasema. "Ungepiga simu useme, Mutindi, njoo."

"Mzee anamwambiaje hivyo mtoto aliyeondoka mwenyewe?"

"Kwa mdomo, Baba! Kwa mdomo huo huo uliokuwa unasema mto umejaa!"

Hapo akacheka kidogo, na mimi nikacheka nikiwa na makamasi, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Akainua uso akatazama ile mbingu ya buluu kutoka Migwani mpaka kusikoonekana. Akafunga mwavuli.

"Mwaka huu hata mvua imenikataa," akasema. Kisha akaita kwa sauti, "Muthoni! Walete! Lakini polepole hapo katikati, hao wanawake wametoboa mto wote!"

Nthiwa akavuka na mbuzi. Nilishuka kumpokea. Nilitaka kumwambia pole, pole ya ile mvua ya mawe na ya chumba cha watoto, lakini watu walikuwa wengi, na alikuwa ameanza kuniangalia kwa wasiwasi.

"Kaza hiyo kamba," nikamwambia. "Huyo dume atakutoroka."

"Sawa, Mama Yvonne," akasema, na akatabasamu vizuri, kwa hivyo najua alisikia.

Baba akamshika mkono, akakaa ameushika. "Umenibebea mzigo," akamwambia.

"Si neno," akasema Nthiwa, macho chini. "Ni hali ya hewa."

Dume akachinjwa. Ndolo akatoa hotuba ndefu isiyo na maana. Mwongeli akanisukumia sufuria za kuosha kwa mazoea, kisha akajishika mdomo, akazirudisha, akaniwekea kisu na sinia la nyama mbele yangu. Niligawa mimi. Niligawa vibaya, sikuwa nimezoea, wengine wakapata mifupa. Katikati ya hayo nikampigia Yvonne nikamwambia Mbithi na wazee wake waje Desemba, mambo yameisha.

"Na hali ya hewa?" akauliza.

"Achana na hali ya hewa," nikamwambia, na nikamsikia analia huko Wote.

Jua lilipoanza kuinama Ndolo akawasha gari, maana safari ni ndefu. Nthiwa akaja kunichukua. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ukingoni, gumbuti bado miguuni, hatuangalii, anajifanya anahesabu punda. Hakuniambia nikae. Mzee hajui kujifunza.

"Tangulieni," nikamwambia Nthiwa. "Mimi nitarudi Jumapili."

Nthiwa akanitazama, akamtazama mzee, akaenda kwa gari bila kuuliza. Tukawasikia wanapanda mlima, mpaka sauti ikaisha. Baba akainua uso, akaikagua ile mbingu isiyo na wingu upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa makini sana.

"Jumapili," akasema, "itanyesha vibaya."